Bakapu inapogoma kwenye folda ya pamoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ofisi za Tabora

Ukurasa huu ni wa yule anayetunza kompyuta za ofisi ndogo: duka la dawa Isevya, chama cha msingi cha tumbaku Urambo au Kaliua, ghala la asali Sikonge, shule, zahanati. Mpangilio huwa ule ule. Kuna kompyuta tatu hadi kumi, ruta moja, swichi moja, na kompyuta moja au kisanduku cha NAS (kisanduku cha diski kinachokaa kwenye mtandao) kinachopokea nakala za kila siku. Mifano ni ya Windows 10 na 11. Mashine inayopokea nakala tumeiita SEVA, anwani yake 192.168.1.20, na folda inaitwa nakala. Weka majina na anwani za kwako.

Kabla ya swali lolote, shika hili: programu ya bakapu haiingii kwenye seva kama wewe. Ina jina lake, ina saa zake, na mara nyingi inaanza kazi wakati hakuna mtu aliyefungua kompyuta. Ukifungua folda kwa mkono ikakubali, umejua kwamba wewe unaruhusiwa. Kuhusu programu bado hujajua chochote. Makosa mengi yaliyo hapa chini yanatokana na hapo.

Drivu Z: naiona vizuri, lakini programu inasema haipo. Tatizo ni nini?

Herufi ya drivu, iwe Z: au Y:, ni mali ya mtu aliyeingia kwenye Windows. Inatengenezwa anapoingia na inaondoka anapotoka. Programu nyingi za bakapu zinaendeshwa na huduma inayojianzisha kompyuta inapowaka, chini ya akaunti iitwayo SYSTEM. Akaunti hiyo haijawahi kuunganishiwa Z:, kwa hiyo kwake haipo kweli. Haikudanganyi.

Dawa ni kuacha herufi na kuandika njia kamili:

\\192.168.1.20\nakala

Kisha, ndani ya mipangilio ya kazi ya bakapu, tafuta sehemu ya kuweka jina na nywila za folda ya mtandao, ujaze SEVA\nakala, yaani akaunti ya bakapu iliyo kwenye seva (kuitengeneza kumeelezwa chini, kwenye kosa 1326), pamoja na nywila yake. Usiiache wazi ukitegemea kwamba Windows inakumbuka nywila yako. Nywila iliyohifadhiwa kwenye akaunti yako haisomwi na SYSTEM. Na SYSTEM ikienda kwenye mtandao inajitambulisha kama kompyuta yenyewe. Ofisi isiyo na domeni (mfumo mmoja unaotunza akaunti za kompyuta zote), ambazo ndizo nyingi, seva haiijui kompyuta hiyo, hivyo inaikatalia.

Programu nyingine hazina sehemu ya kuweka nywila. Hapo unaweza kufungua services.msc, ukaingia kwenye kichupo cha Log On cha huduma hiyo na kuipa akaunti nyingine. Fanya hivyo kwa uangalifu. Huduma ikihamishiwa akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi, inaweza kushindwa kunakili mafaili yaliyo wazi, na utakuwa umebadilisha kosa moja kwa lingine.

Kama unatumia Task Scheduler kuendesha hati yako mwenyewe ya amri (script), angalia kisanduku kimoja tu: «Do not store password». Kikiwekwa alama, kazi inapata mafaili ya ndani ya kompyuta peke yake, mtandao haiupati. Kiondolee alama.

Nitajuaje SYSTEM inaona nini?

Microsoft wanatoa bure kifaa kiitwacho PsExec, kwenye mkusanyiko wa Sysinternals. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika:

psexec -s -i cmd

Dirisha jipya likifunguka, andika whoami. Likijibu «nt authority\system», sasa umevaa viatu vya programu. Andika:

dir \\192.168.1.20\nakala

Ikikataa hapa na kukubali kwenye dirisha lako la kawaida, usihangaike na waya wala ruta. Tatizo ni utambulisho.

Nikiendesha programu kama msimamizi, drivu zinapotea. Nikiendesha kawaida, zinarudi.

Windows inakupa vitambulisho viwili, cha kawaida na cha msimamizi, na kila kimoja kina orodha yake ya drivu. Kuna thamani ya rejista ya kuziunganisha: EnableLinkedConnections, aina ya DWORD, thamani 1, chini ya HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, kisha uwashe upya. Lakini ukitumia njia kamili kama ilivyoelezwa juu, huna haja nayo.

Namba hizi za makosa zina maana gani?

Programu huficha namba ya Windows ndani ya sentensi ndefu. Itafute kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za programu. Sentensi hutofautiana kati ya programu na programu, namba ni ile ile.

53, au 0x80070035: njia haikupatikana. Seva imezimwa, anwani imebadilika, au kuna kinachozuia katikati.
67, au 0x80070043: jina la folda halipo pale. Mara nyingi limekosewa, au folda imeacha kusheawa.
5, au 0x80070005: umefika mlangoni, umetambulika, lakini huna ruhusa.
1326: jina au nywila si sahihi.
1219: umeshaingia kwenye seva hiyo kwa jina jingine.
64 na 59: mlikuwa mnazungumza, mazungumzo yakakatika.
112: diski imejaa.

Tofauti ya 53 na 5 ndiyo ya kuishika. Ya kwanza ni barabara, ya pili ni mlango. Anayepata 53 akaanza kubadilisha ruhusa za folda atapoteza siku nzima.

Tumebadilisha ruta, na tangu jana ni kosa 53. Kila kitu kingine kinafanya kazi.

Hili hutokea sana mtu anapohama kampuni ya intaneti. Sababu ni mbili, na aghalabu zinakuja pamoja.

Ya kwanza: ruta mpya inagawa anwani za ukoo mwingine. Ya zamani ilitoa 192.168.1.x, mpya inatoa 192.168.8.x. Seva imepata anwani mpya, programu bado inabisha hodi nyumba ya zamani. Kwenye seva andika ipconfig, usome anwani ya sasa. Kisha ingia kwenye ruta na uifungie seva anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba ya MAC, yaani namba ya kipekee ya kadi yake ya mtandao. Kuifungia kwenye ruta ni bora kuliko kuiandika kwa mkono ndani ya Windows, kwa sababu hapo ruta haitaigawa anwani hiyo kwa simu ya mgeni.

Ya pili: Windows inauona mtandao wa ruta mpya kama mtandao isioujua, na mara nyingi inauweka kwenye kundi la Public, yaani mahali pa hadhara kama hotelini. Ikishauweka huko, inafunga mlango wa kushea mafaili. Fungua PowerShell kama msimamizi, kwenye seva:

Get-NetConnectionProfile

Ukiona Public, badilisha:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private

Jina «Ethernet» liwe lile uliloliona kwenye jibu la amri ya kwanza. Kisha, ukiwa kwenye kompyuta inayotuma bakapu, pima mlango wenyewe kwa anwani ya sasa ya seva:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445

Ukipata TcpTestSucceeded : True, barabara iko wazi. Usiridhike na ping. Seva inaweza kujibu ping huku mlango 445, ambao ndio unaopitisha mafaili, umefungwa. Na kama kompyuta imeunganishwa kwenye WiFi ya wageni, ruta nyingi huizuia isione kompyuta nyingine kabisa. Ihamishie kwenye WiFi ya ofisi au, vizuri zaidi, kwenye waya.

Nywila nina uhakika nayo, lakini napata 1326.

Uliza kwanza: hiyo ni nywila, au ni PIN? Zile tarakimu unazobonyeza asubuhi kufungua kompyuta zinafanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu. Mtandaoni haziendi. Kama akaunti ya seva ni ya Microsoft, yenye barua pepe, kinachotakiwa ni nywila ya barua pepe hiyo.

Tunashauri uachane na akaunti za watu kwa kazi hii. Tengeneza akaunti ya bakapu peke yake kwenye seva:

net user nakala * /add

Alama ya nyota inaifanya Windows ikuulize nywila bila kuionyesha. Kwenye programu andika jina pamoja na jina la seva, SEVA\nakala. Ukiandika «nakala» tupu, kompyuta inaweza kulituma kama akaunti yake yenyewe, na seva ikalikataa. Usiache nywila tupu; Windows hairuhusu akaunti isiyo na nywila kuingia kupitia mtandao, na utapata 1327.

Bakapu ilienda vizuri zaidi ya mwezi, kisha ikakatika bila mtu kugusa kitu.

Hesabu siku. Kama ni wiki sita kamili, umempata mhalifu: kwa kawaida Windows inaipa nywila ya akaunti ya ndani umri wa siku 42. Mtu anayeingia kwa kibodi angeonyeshwa ujumbe wa kubadilisha nywila. Programu haina macho ya kusoma ujumbe huo, inakataliwa tu. Kwenye seva, PowerShell ya msimamizi:

Set-LocalUser -Name nakala -PasswordNeverExpires $true

Kama nywila imeshapitwa, weka upya kwa net user nakala * kisha uisahihishe ndani ya programu. Fanya hili siku ile ile unapotengeneza akaunti. Kosa hili ni baya kuliko mengine kwa sababu linakuja wakati kila mtu ameshaacha kuangalia.

Kosa 1219 ni nini hasa?

Mtumiaji mmoja wa Windows haruhusiwi kuwa na majina mawili kwenye seva moja kwa wakati mmoja. Umefungua folda ya ankara kama «mhasibu», sasa programu inataka kuingia kama «nakala». Andika net use uone miunganisho iliyopo, kisha uondoe unaogongana:

net use \\SEVA\ankara /delete

Njia ya kudumu: watu waingie kwa jina, \\SEVA, na bakapu iingie kwa anwani, \\192.168.1.20. Windows inazihesabu kuwa seva mbili.

Naweza kusoma folda lakini programu inasema haina ruhusa. Kosa 5.

Folda ya pamoja ina kufuli mbili. Moja ni ya kushea, nyingine ni ya diski yenyewe, na inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Watu hufungua ile ya kwanza wakasahau ya pili. Kwenye kichupo cha Sharing mpe «nakala» ruhusa ya Change, halafu kwenye seva, katika dirisha la amri la msimamizi (cmd, PowerShell haiyasomi mabano haya vizuri):

icacls D:\Nakala /grant nakala:(OI)(CI)M

M ni ruhusa ya kubadilisha. Kuandika peke yake hakutoshi, maana programu inabadilisha majina ya mafaili inapomaliza na inafuta nakala za zamani. Ndiyo maana kipimo chako kiwe na hatua tatu: tengeneza faili, libadilishe jina, lifute. Ikikwama hatua ya tatu, bakapu itaenda vizuri mpaka siku ya kwanza ya kusafisha.

Inaanza vizuri, inafika katikati, inakatika. Kosa 64 au 59.

Hapa utambulisho ni salama. Tafuta waya, umeme na usingizi.

Anza na usingizi kwa kuwa ni rahisi. Seva iliyo kompyuta ya kawaida inaweza kulala yenyewe. Iandikie:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Kisha waya. Kwenye PowerShell andika Get-NetAdapter usome LinkSpeed. Kama kadi na swichi zote ni za 1 Gbps lakini unaona 100 Mbps, shika kichwa cha waya ukitazame kwenye mwanga. Ndani ya plastiki kuna nyuzi nane, na kwa mpangilio wa T568B zinakaa hivi kutoka kushoto, ulimi wa plastiki ukiwa umeelekea chini: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mwendo wa 100 unatumia nne tu, nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Mwendo wa 1000 unataka zote nane. Kwa hiyo uzi wa buluu au wa kahawia usiofika mwisho hautazima mtandao. Utaupunguza kasi kimyakimya. Uzi unaogusa na kuachia ndio unaoleta 64. Kata kichwa, funga kingine. Na ganda la nje la waya liingie ndani ya kichwa libanwe humo, nyuzi zisining'inie zenyewe.

Ukitaka kujua tofauti ya mwendo: kwenye 100 Mbps unapata kama MB 11 kwa sekunde, hivyo GB 100 zinachukua saa mbili na nusu. Kwenye 1 Gbps, diski ikiweza, ni robo saa. Bakapu fupi ina nafasi ndogo ya kukutana na umeme kukatika.

Umeme nao: watu hufunga UPS kwenye seva na kuiacha swichi kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukipepesa kwa sekunde moja, kompyuta zote mbili ziko hai lakini katikati yao hakuna kitu. Swichi na ruta zinakula umeme kidogo sana, ziweke kwenye UPS hiyo hiyo. Waya wa shaba unaovuka uwanja kutoka jengo moja hadi jingine ni hatari nyingine, hasa kuanzia Novemba mvua za radi zinapoanza. Pale tumia faiba, kwa sababu haipitishi umeme wa radi.

WiFi kwa bakapu nzito hatuishauri. Inafanya kazi mpaka siku isipofanya.

Kila faili likifika GB 4 linakatika. Diski ina nafasi tele.

Diski imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalofika GB 4. Hutokea sana kwa diski za USB zinazochomekwa nyuma ya ruta. Ihakikishe kwa kutengeneza faili la GB 5 na kulinakili:

fsutil file createnew C:\jaribio.bin 5368709120

Suluhisho ni NTFS. Amri convert E: /fs:ntfs haifuti data, lakini nakili kwanza kilichomo mahali pengine. Kama ruta haisomi NTFS, iambie programu igawanye bakapu vipande vya MB 3900.

Kompyuta mpya ya Windows 11 inakataa NAS yetu ya zamani.

Toleo la 24H2, lililotoka Oktoba 2024, kwenye Pro linadai saini kwenye kila pakiti ya SMB (lugha ambayo Windows inatumia kushea mafaili), na halikubali kuingia kama mgeni asiye na nywila. Sasisha programu ya NAS, tengeneza mtumiaji mwenye nywila, washa SMB 2 au 3. Kwa nyingi inatosha.

Ukisikia ushauri wa kuwasha SMB 1 kwenye kompyuta, ukatae. Ni mlango ule ule uliopitiwa na virusi vya WannaCry Mei 2017. NAS isiyojua zaidi ya SMB 1 imestaafu. Toa diski zake uzitumie kwa USB.

Kosa 112, lakini nilinunua diski ya GB 500!

Windows itaionyesha kama GB 465. Piga hesabu: bakapu kamili ya GB 60 kila Jumapili, nyongeza za GB 2 kwa siku sita, ni GB 72 kwa wiki. Wiki nne ni 288. Programu nyingi huandika nakala kamili mpya kabla ya kufuta ya zamani, ongeza 60, unafika 348. Inatosha, lakini ukitaka wiki sita haitoshi tena.

Nimeipanga saa nane usiku, mbona inaanza watu wakiwa kazini?

Uliandika 08:00, na hiyo ni saa mbili asubuhi. Saa nane usiku ni 02:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Angalia pia kanda ya saa: kwenye Windows ya Tanzania ni ile ya UTC+03:00 iliyoandikwa Nairobi. Kama saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ya ubao mama imekufa. Ni kidonge cha CR2032. Kwenye domeni, saa ikipishana na seva zaidi ya dakika 5, kuingia kunakataliwa.

Kuna ubaya kuacha Z: imeunganishwa siku nzima?

Upo. Virusi vinavyofunga mafaili vinafuata kila drivu ambayo mtumiaji anaweza kuandika. Folda ya nakala iwe na ruhusa ya akaunti «nakala» tu, na isionekane kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Nakala ya pili ikae kwenye diski ya USB inayochomolewa na kulazwa jengo lingine.

Alama ya kijani inatosha kusema bakapu ni nzima?

Haitoshi. Mara moja kwa mwezi chukua faili moja kubwa, kama hifadhidata ya mauzo, lirejeshe kwenye folda tofauti, ulifungue kwa programu yake na usome muamala wa mwisho. Kwa chama cha msingi, fanya hivyo kabla ya masoko ya tumbaku kufunguliwa, maana yakishafunguliwa hakuna atakayekupa nusu saa ya kompyuta.

Nimeshindwa. Fundi nimpelekee nini?

Namba ya kosa na mistari ishirini ya logi inayoizunguka. Njia ya folda kama ilivyoandikwa ndani ya programu. Matokeo ya Test-NetConnection kwenye mlango 445. Jina la akaunti inayoendesha huduma. Toleo la Windows pande zote mbili, ambalo unalipata kwa kuandika winver. Na tarehe ya bakapu ya mwisho iliyofaulu, pamoja na chochote kilichobadilika ofisini siku iliyofuata: ruta, nywila, sasisho, au meza iliyosogezwa ukutani ikaubana waya.